Mwahirishaji Ana Shughuli Nyingi

Hotuba ya ufunguzi wa warsha ya filamu fupi kwa wanafunzi wa sekondari, Tanga

Mkuu wa Shule, mwalimu mlezi wa klabu, wazazi mliokubali kuipoteza asubuhi ya Jumamosi pamoja nasi, shikamooni. Asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Na ninyi wadogo zangu, mambo? Hiyo "poa" imetoka kwa watu ambao bado hawajanywa chai, kwa hiyo nitajitahidi nisiwachoshe.

Kazi yangu ni kuhariri video. Harusi, sendofu, mahafali, na nikibahatika, filamu fupi ya vijana kama ninyi. Mwalimu mlezi alinitumia miswada yenu akaniambia mada mmeichagua wenyewe: kijana anayeahirisha mambo yake. Nilifurahi sana. Mngeniletea dawa za kulevya au ajali za bodaboda ningekuja vilevile, ila hizo ni mada ambazo watu wazima huwapa ninyi mzizungumzie. Kuahirisha ni kwenu. Mnakujua kuliko mimi, na kuliko Mkuu wa Shule, ingawa kwa upande wake sina uhakika.

Nimeisoma miswada yote. Karibu kila mmoja unaanza na kijana aliyelala. Shuka mpaka kichwani, mama anagonga mlango, kijana anageukia upande wa pili. Dakika ya pili bado amelala. Mmoja wenu ameandika kwenye mabano "anakoroma sana", sijui mpiga picha afanye nini na hilo. Dakika ya nne matokeo yametoka, kijana amepata ziro, mama analia, na mzee mmoja mwenye baraghashia, ambaye hatujamwona popote tangu filamu ianze, anatokea kibarazani na kututangazia kuwa ngoja ngoja huumiza matumbo. Mwisho.

Huyo mliyemwandika ni mvivu. Mvivu ni mtu mwingine kabisa, na kwa kamera ni hasara tupu, maana hafanyi kitu. Mwahirishaji ndiye mtu mwenye shughuli nyingi kuliko wote nyumbani. Siku aliyo na insha ya kuandika ndiyo siku raba zake zinafuliwa mpaka kamba. Ndiyo siku anakumbuka kwamba hajamjulia hali bibi. Ndiyo siku kabati linapangwa, madaftari ya darasa la saba yanatolewa vumbi, na redio iliyokufa tangu mwaka juzi inafunguliwa kwa bisibisi. Kina mama mliopo hapa, mtoto akijitolea kuosha vyombo bila kutumwa, msishukuru haraka. Ulizeni kwanza kesho ana nini.

Mwaka 1955 Mwingereza Cyril Northcote Parkinson aliandika makala katika gazeti la The Economist kuhusu ofisi za serikali na tabia yao ya kuongeza watumishi. Watu wengi wameishika hoja yake ya kwanza, kwamba kazi hutanuka mpaka ikaujaza muda iliopewa. Mimi nakipenda zaidi kinachofuata. Anamleta bibi kizee asiye na haraka, anayetaka kumtumia mpwa wake kadi ya posta. Saa nzima inaishia kuitafuta kadi. Saa nyingine inakwenda kwenye miwani. Nusu saa ni ya kutafuta anwani, saa moja na robo ya kuandika, na dakika 20 za kuamua kama achukue mwavuli au asichukue atakapokwenda kuitumbukiza kadi kwenye sanduku la barua. Mtu mwenye kazi zake, anasema Parkinson, angeyamaliza yote hayo kwa dakika tatu.

Tazameni alichotuachia. Kadi, miwani, anwani, kalamu, mwavuli. Hiyo ni orodha ya shoti, yaani vipande vya kurekodi kimoja kimoja! Parkinson alikuwa anawasema watumishi wa serikali tu, lakini mpe mpiga picha aya ile asubuhi na mchana anaweza kuwa ameanza kurekodi. Kila kitu kinashikika kwa mkono. Hakuna mahali bibi anakaa na kusema "oh, jinsi ninavyochelewa".

Basi tumtengeneze wa kwetu. Nipeni jina. Shaaban? Haya, Shaaban, kidato cha tatu. Ni Jumapili ya mwisho ya likizo, kesho shule inafunguliwa. Ana kazi ya likizo ya Kiswahili: insha ya kurasa mbili.

Shaaban anakaa mezani. Anafungua kaunta buku. Anachukua rula na kalamu nyekundu, anapiga mstari wa pambizo taratibu kama fundi. Anaandika tarehe. Anaandika kichwa cha insha kwa herufi kubwa na kukipigia mstari. Anautazama ule mstari. Umepinda kidogo upande wa kulia, kiasi ambacho mtu mwingine asingeona. Anauchana ukurasa. Sasa kaunta buku limeshonwa, mnalijua vizuri. Ukichana ukurasa wa huku, mwenzake wa kule unalegea, na mwenzake ndio wenye noti za fasihi. Kwa hiyo inatakiwa selotepu. Selotepu iko chumbani kwa dada. Dada anasukwa, na msusi anasimulia habari ya mtu aliyefumaniwa, na habari kama ile haikatizwi katikati. Shaaban anasimama mlangoni. Halafu anaegemea. Halafu amekaa. Anarudi mezani na selotepu, lakini ncha ya selotepu imejifunga na haionekani, anaitafuta kwa ukucha, anaizungusha, anaizungusha tena. Mama anapita na beseni. "Insha umemaliza?" "Nipo kwenye utangulizi, mama."

Mnacheka kwa sababu mnamjua. Na angalieni, hakuna hatua hata moja ya kijinga hapo. Kila moja ina sababu yake, ukimshika Shaaban shingoni atakueleza vizuri tu kwa nini selotepu ilikuwa lazima. Hapo ndipo filamu yenu ilipo. Rekodini ukucha unaotafuta ncha ya selotepu, karibu kabisa, mpaka tusikie ule mkwaruzo. Sekunde nane za ukucha zitasema zaidi ya mama kulia dakika nzima.

Lakini ukishapata vituko vyote hivyo, bado una vituko tu. Mtazamaji atacheka mara tatu, ya nne ataangalia saa. Inabidi kuwe na kitu chini yake.

Watafiti wawili, Fuschia Sirois na Timothy Pychyl, waliandika mwaka 2013 kwamba kuahirisha kunahusu zaidi hisia kuliko ratiba. Mtu anaikimbia kazi kwa sababu kuisogelea kunamletea hali mbaya moyoni, hofu au aibu au kuchoshwa, na akiiacha anapata nafuu hapohapo. Hiyo nafuu ndiyo anayoitafuta. Kumpa mtu wa namna hiyo ratiba ya rangi nne ukutani ni kumpa kitu kingine cha kushughulika nacho. Atakaa siku mbili akiipaka rangi.

Kwa mwandishi wa mswada, utafiti huu ni msaada mkubwa mno, kwa sababu unakuuliza swali moja tu: Shaaban anaogopa nini? Kaeni kundi zima mlijibu hilo kabla hamjaandika mazungumzo yoyote. Jibu liwe dogo na liwe lake. Labda muhula uliopita alisoma insha yake mbele ya darasa, akakosea neno, darasa likacheka, na neno lile likawa jina lake la utani mpaka leo. Labda kaka yake alikuwa wa kwanza kiwilaya na daftari analotumia ni la kaka yake lililobakia kurasa. Labda mada ya insha ni "Mtu ninayempenda zaidi" na mtu huyo amefariki mwezi wa tano. Ona filamu inavyobadilika ukichagua moja badala ya nyingine. Vituko ni vilevile, selotepu ni ileile, lakini katika ile ya tatu hatucheki kwa namna ileile.

Msitueleze. Naomba sana. Msimpe mtu yeyote sentensi ya "unajua, mimi naogopa". Tuonyesheni kitu mara moja, kwa muda mfupi, kisha mwendelee na shughuli. Jina la kaka kwenye jalada la daftari, limekatwa kwa wino, chini yake limeandikwa jina la Shaaban. Sekunde mbili. Watakaoona wameona.

Kuna utafiti mwingine nataka muuweke kwenye filamu, wa Dianne Tice na Roy Baumeister, Marekani, uliochapishwa mwaka 1997. Waliwafuatilia wanafunzi wa chuo kikuu kwa muhula mzima. Mwishoni yakatokea yale mnayoyatarajia: walioahirisha walikuwa na msongo mkubwa zaidi, waliugua zaidi, na alama zao zilikuwa chini. Hilo hata mzee wa baraghashia analijua. Lakini mwanzoni mwa muhula hali ilikuwa kinyume. Walioahirisha walikuwa na msongo mdogo kuliko wenzao, na afya zao zilikuwa nzuri zaidi. Walikuwa wanakula maisha!

Hilo ndilo watu wazima hawawaambii, na ndiyo maana filamu za kuwaonya vijana haziwaonyi. Kijana anaangalia mwahirishaji anayeteseka kuanzia sekunde ya kwanza na anajisemea, huyo si mimi, mimi najisikia vizuri. Kwa hiyo nusu ya kwanza ya filamu yenu iwe tamu. Iwe na jua, iwe na baiskeli, Tanga mna baiskeli za kutosha, iwe na vijana wanakwenda Raskazone kuogelea na kurudi nguo zimelowa. Utamu wa kweli, wa kumfanya mtazamaji atamani kuwa nao. Mkiupunguza ili muonekane watoto wenye maadili mbele ya walimu, mtakuwa mmedanganya, na watazamaji wa umri wenu wananusa uongo haraka sana. Zimamoto itakuja yenyewe. Kila mtu hapa ameshasoma kwa zimamoto, usiku wa kuamkia mtihani, miguu kwenye beseni la maji ya baridi usilale. Hamna haja ya kuihubiri, ionyesheni tu ilivyo.

Nije kwenye uigizaji, maana hapa ndipo filamu nyingi za shule zinapoharibika, na si kosa la waigizaji. Mmezoea jukwaa. Jukwaani mtu wa safu ya nyuma lazima akuone, kwa hiyo ukishangaa unashangaa na mabega. Kamera iko sentimita arobaini kutoka puani kwako. Ukishangaa na mabega unaonekana umeumwa na siafu.

Huko Urusi, miaka ya mwanzo baada ya mapinduzi ya 1917, mwalimu wa filamu Lev Kuleshov alichukua picha ya uso wa mwigizaji maarufu wa enzi zile, Ivan Mosjoukine, uso uliotulia, haucheki, haulii. Akauunganisha na picha ya bakuli la supu. Uso uleule akauunganisha na mtu aliye ndani ya jeneza. Kisha na mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kwamba watazamaji walimsifu mwigizaji: jinsi alivyoitamani supu, jinsi alivyohuzunika, jinsi alivyompenda yule mwanamke. Uso ulikuwa mmoja.

Mchana wa leo kila kundi litafanya jaribio hilo. Mkalisheni mwigizaji wenu, mrekodini uso kwa sekunde kumi, asifanye chochote, apumue tu na kutazama. Halafu rekodini peke yake daftari lililofunguliwa ukurasa mtupu. Simu inayowaka mezani bila sauti. Sahani ya wali maharage. Mlango wa chumba cha baba ukiwa umefungwa. Unganisheni uso na kila kimoja. Mtaona uso uleule unachoka, unatamani, una njaa, unaogopa. Yule mwenzenu mpole asiyependa kuigiza, anayekaa nyuma siku zote, huenda ndiye mwigizaji wenu bora.

Na muda je? Filamu ni ya dakika nne, lakini Shaaban anapoteza siku nzima. Wengi mmeandika "saa ya ukutani inaonyesha saa nne, kisha saa nane, kisha saa kumi na mbili". Inafanya kazi, ila imechoka hiyo, na saa za ukutani kwenye nyumba nyingi zimesimama. Tumieni chaji ya simu. Asubuhi asilimia 91, baadaye 60, baadaye 34, baadaye ile rangi nyekundu. Kijana yeyote anaisoma mara moja na anajua nini kimetokea katikati. Au kikombe cha chai ya maziwa kilichowekwa pembeni ya daftari: mvuke, halafu hakuna mvuke, halafu utando juu, halafu inzi.

Lakini hapa kwenu kuna kitu kizuri kuliko vyote hivyo. Mjini Tanga huwezi kurekodi siku nzima bila adhana kuingia kwenye sauti. Wapiga picha wanaokuja kutoka nje wanalalamika. Ninyi ichukueni kuwa saa yenu. Adhuhuri, tuko mezani na rula. Alasiri, tuko mlangoni kwa dada. Magharibi, taa inawashwa na ukurasa ni mtupu. Kila mtazamaji wa pwani, Mwislamu kwa Mkristo, atasikia siku inavyokwenda bila kuoneshwa mshale wa saa. Ila kuna adabu yake. Irekodini kutoka mbali, siku mmekaa kimya, kuanzia mwanzo mpaka mwisho, mhariri ndiye atajua aiingize wapi na kuitoa wapi kwa utulivu. Na msiiweke chini ya kituko cha kuchekesha. Hilo silijadili.

Haraka haraka mambo ya ufundi, maana mengine tutayaona kwa vitendo.

Lazeni simu. Filamu hii itaonyeshwa ukutani kwa projekta, na picha iliyorekodiwa simu imesimama itakuwa mstari mwembamba katikati. Kabla ya kurekodi wekeni simu kwenye hali ya ndege, shangazi asipige katikati ya shoti. Ukimweka mwigizaji mbele ya ukuta mweupe, simu itaushangilia ukuta na kumfanya mwenzako kivuli. Bonyeza kidole usoni kwake kwenye kioo ukishikilie mpaka mwanga ujifunge hapo, au bora zaidi mgeuze, autazame ukuta unaopigwa na jua, ukuta utamrudishia mwanga laini usoni. Saa sita mchana msirekodi nje kabisa. Jua liko utosini na macho yanakuwa mashimo. Jioni mwanga ni mzuri mno, lakini huku kwetu karibu na ikweta jua halibembelezi, likianza kuzama limezama. Mazoezi yawe yamekwisha kabla.

Mtakaorekodi usiku chini ya taa ya tyubu mtaona mistari inayopanda na kushuka kwenye picha. Simu haijaharibika. Umeme wetu ni wa hezi 50, taa inapepesa mara 100 kwa sekunde, na simu nyingi hurekodi picha 30 kwa sekunde, hazipatani. Kama simu yako inaruhusu, chagua picha 25 kwa sekunde na kasi ya shata, yaani muda ambao kila picha inapokea mwanga, ya moja ya hamsini ya sekunde, mistari itapotea. Kama hairuhusu, washa taa nyingine uzime hiyo.

Sauti. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu mtu atavumilia picha mbaya lakini sauti mbaya itamtoa ukumbini. Kipaza sauti cha simu inayorekodi picha kiko mbali na mdomo. Chukueni simu ya pili, ya mtu yeyote, hata kioo kiwe kimepasuka, washeni kinasa sauti na muitie kwenye mfuko wa shati la mwigizaji. Mkishaanza kurekodi zote mbili, mtu apige kofi moja mbele ya kamera. Kwenye kuhariri tutatafuta kofi kwenye picha na kofi kwenye sauti, tunayalinganisha, kwisha. Kila mnapomaliza sehemu, kabla watu hawajaanza kupiga soga, nyamazeni wote nusu dakika na mrekodi ukimya wa chumba hicho. Kila chumba kina ukimya wake, wa friji au wa feni au wa kuku wa jirani, na mhariri asipokuwa nao sauti itakuwa inakatika kila mahali. Mvua ikinyesha kwenye bati, fungeni kazi. Hakuna programu itakayowaokoa.

Ukurasa mmoja wa mswada ni takriban dakika moja ya filamu. Kuna mswada hapa una kurasa 19. Mwenye nao anajijua. Filamu za ndugu wa Lumière zilizoonyeshwa Paris tarehe 28 Desemba 1895, watu wakilipa kuingia, hazikufika hata dakika moja kila moja, kwa sababu mkanda uliokuwa unaingia kwenye mashine yao ulikuwa wa mita kama 17 tu. Na mojawapo ilikuwa ya kijana mtundu wa umri wenu: mtunza bustani anamwagilia, kijana anakanyaga mpira wa maji, maji yanakatika, mtunza bustani anachungulia tundu la mpira, kijana anatoa mguu. Mnajua kilichomkuta. Shoti moja, kamera haisogei. Ukisema kurasa nne hazikutoshi kwa Shaaban na selotepu yake, kwangu utakuwa na kazi ya kunishawishi.

Muziki: msichukue wimbo wa msanii mnayempenda. Una mwenyewe, na sheria ya hakimiliki inamlinda kama itakavyowalinda ninyi siku moja. Hapa shuleni kuna anayepiga kinanda kanisani na kuna wanaopiga dufu kwenye maulidi, waombeni. Vibali vya kurekodi na kuonyesha vinasimamiwa na Bodi ya Filamu chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976, na mwalimu mlezi amesema hilo atalibeba yeye. Ninyi kazi yenu ni kuomba ruhusa kwa wenye nyumba. Mkirekodi kwa mtu, mwambieni mama mwenye nyumba kila kitu, pamoja na kwamba sebule yake itaonekana. Atataka kubadilisha mapazia. Mwacheni abadilishe.

Mtu mmoja kule ameniuliza tulipokuwa tunaingia, je, tukianza kuahirisha hii filamu yenyewe? Mtaahirisha, hilo halina mjadala. Kuna kundi litasema linasubiri kamera ya mjomba. Jingine litaandika mswada upya mpaka shule ifungwe. Mimi nimejifunzia kwenye harusi. Harusi haingojei mpiga picha. Bibi harusi akishuka kwenye gari umewasha kamera au hujawasha, ameshashuka. Na kwa sababu hiyo sijawahi kumwona mpiga picha wa harusi anayesubiri msukumo wa moyo. Ndiyo maana nimemwomba Mkuu wa Shule, naye amekubali mbele yenu, kwamba onyesho ni Jumamosi ijayo saa kumi na mbili na nusu jioni, ukuta huu hapa nyuma yangu, na barua za mwaliko kwa wazazi zinatoka leo. Kundi ambalo halina filamu litapanda hapa mbele na kuwaeleza wazazi hadithi ambayo wangeiona. Kwa mdomo. Na wazazi watauliza maswali.

Nimalizie na mwisho wa filamu, kwa sababu mmoja wenu, msichana, sitamtaja, ameandika mwisho uliokuwa unanichekesha hata nilipokuwa kwenye daladala. Kijana wake amekesha, ameandika insha kwa zimamoto, macho mekundu, mwandiko umeanguka chini ya mstari. Asubuhi anaingia ofisi ya walimu kukusanya daftari. Mwalimu anasema "weka hapo" bila kuinua kichwa. Kijana anatazama "hapo". Juu ya meza kuna rundo la madaftari ya kazi ya likizo iliyopita, hayajasahihishwa, yana vumbi. Analiweka la kwake juu. Mwalimu anainuka na kuanza kumwagilia ua la dirishani. Tunaona uso wa kijana, umetulia tu. Filamu inakwisha.

Mkuu wa Shule, naona unacheka, na nauona upande ule wa walimu haucheki sana. Nimeambiwa kuna maoni kwamba mwisho huo ubadilishwe, kijana aadhibiwe, au mwalimu awe anasahihisha kwa bidii. Mimi naomba ubaki. Ukimwadhibu kijana, kila mtu mzima atatoka hapa ameridhika kwamba ugonjwa huu ni wa watoto. Ukimwonyesha mwalimu mwenye ndoo ndogo ya kumwagilia, hakuna atakayebaki kuwa mtazamaji, mimi nikiwemo. Nina video ya mahafali ya mwaka jana ambayo mwenyewe bado ananipigia simu. Ila kwa heshima, tutafute mwalimu atakayekubali kuigiza sehemu hiyo kwa hiari yake. Asipopatikana, nitaiigiza mimi, nileteeni tai.

Makundi ni manne, mnayajua. Mkishakunywa chai mtaniletea karatasi moja yenye jibu la swali moja: anaogopa nini. Sentensi isizidi mistari miwili. Halafu tunaingia kwenye jaribio la uso. Simu ziwe na chaji, na aliyekuja na simu iliyojaa video za magrupu ya WhatsApp, aanze kufuta akiwa kwenye foleni ya chai.